Simba ya 1972 ni Simba ipi? Kisa cha chemsha bongo iliyoharibika kibandani

## Mazingira yenyewe

Kibanda umiza chenyewe kiko Dar, mtaa sitautaja wala jina la mwenye kibanda, na wahusika wengine wote nitawaita kwa upande waliokaa usiku ule. Ni banda la mabati kama mengine tu, tv mbili, mabenchi ya mbao, kiingilio jero kwa mechi za kawaida na buku ikiwa mechi kubwa. Nimekiandika kisa hiki kwa sababu tangu siku ile nimeshaulizwa mara kadhaa na watu wanaotaka kuandaa kitu kama hicho mitaani kwao, na kila nikianza kueleza kwa mdomo naishia kucheka katikati.

Ilikuwa Mei 2025. Simba walikuwa wametoka kupigwa 2-0 kule Berkane, Morocco, mechi ya kwanza ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, na marudiano yalikuwa Jumapili tarehe 25 pale Amaan, Zanzibar, maana CAF, wasimamizi wa soka la Afrika, waliukataa uwanja wa Mkapa. Mnaojua mtaa wetu mnajua wiki ile ilivyokuwa, watu hawasalimiani, wanaulizana "vipi, mnapindua?" na jibu linategemea nani kauliza.

Mwenye kibanda ni mtu wa biashara, akaona Ijumaa tarehe 23 hana mechi ya kuonyesha na watu wana moto, basi akaja na wazo la chemsha bongo. Mada: rekodi za klabu kwenye mashindano ya Afrika. Msimbazi (Simba) dhidi ya Jangwani (Yanga), watu wanne kila upande, kila upande uchange elfu thelathini, mshindi anabeba sitini yote, yeye anaongeza kreti ya soda. Maswali kumi. Anayenyoosha mkono wa kwanza anajibu, akikosa upande wa pili unapewa nafasi, pointi moja kwa swali.

Mtunga maswali na mwamuzi nikawekwa mimi. Sababu ni moja tu, nina kaunta buku ambalo tangu nipo sekondari naandika humo mabingwa na matokeo ya fainali, mengine nimekopi kwenye magazeti, mengine kwenye redio, na mtaani wanalijua. Na niseme kabisa mapema kwa sababu itakuja kuwa na maana huko mbele: mi ni Yanga. Hilo nalo mtaa mzima unalijua. Mwenye kibanda aliulizwa na watu wa Msimbazi kwa nini anaweka mwamuzi wa upande mmoja, akajibu "daftari halina timu". Jibu zuri sana, ila daftari liliandikwa na mtu.

## Ilivyokwenda

Maswali manne ya mwanzo yalikwenda safi. La kwanza, bingwa wa kwanza kabisa wa Klabu Bingwa Afrika: Oryx Douala ya Kameruni. La pili, nani alichukua mwaka ambao kombe lilianza kuitwa Ligi ya Mabingwa: Raja Casablanca, 1997. La tatu niliuliza hivi, "mpaka fainali ya 2024, Al Ahly wana mataji mangapi ya Klabu Bingwa Afrika?" jibu 12. La nne, taja klabu mbili zenye mataji matano: Zamalek na TP Mazembe. Hapo ilikuwa 2-2, watu wanacheka, soda inauzwa.

Swali la tano ndo Kombe la Kagame, lile la klabu za Afrika Mashariki na Kati. Niliuliza "nani kinara wa Kagame na wanaomfuata ni akina nani?" Msimbazi mkono juu, kijana wao mmoja anayevaa miwani akajibu bila kusita: Simba mara sita, wanaofuata Yanga, AFC Leopards na Tusker, wote mara tano tano. Mi nikaangalia daftari, nikaona Yanga tano, Leopards tano, Tusker tatu. Nikasema umekosea, Tusker ana tatu. Kijana akabisha kidogo, nikamwambia bro daftari liko hapa, akakaa. Jangwani nao wakapewa nafasi, wakasema Simba sita halafu Yanga peke yake, nao nikawakatalia. Hakuna aliyepata. Halafu jamaa mmoja wa Jangwani akapaza sauti kwamba hata hizo sita za makolo ni za magumashi, Kagame yenyewe imeanza 2002, kwa hiyo Simba ana moja tu na Wananchi tuna mbili. Kibanda kikalipuka kwa kicheko, tukapita. Naomba ulikumbuke swali hili.

La sita: "klabu gani ya Tanzania ilikuwa ya kwanza kucheza fainali ya Kombe la Shirikisho?" Jangwani fasta, Yanga, 2023, na USM Alger. Sahihi. Msimbazi wakasimama wote wanne: na 1993 je? Kweli 1993 Simba walicheza fainali ya Kombe la CAF na Stella ya Abidjan, wakatoka suluhu ugenini wakaja kufungwa 2-0 hapa Dar, wazee wa mtaani mpaka leo wakilisimulia wanashusha pumzi kwanza. Nikasema hilo ni kombe lingine, pointi ni ya Jangwani, basi. Sikueleza zaidi. 3-2.

Sasa la saba. Swali: "klabu gani ya Afrika Mashariki ilikuwa ya kwanza kufika fainali ya Klabu Bingwa Afrika?" Kwenye karatasi yangu jibu lilikuwa SC Villa ya Uganda, 1991, waliofungwa na Club Africain ya Tunisia. Kwenye upande wa Msimbazi alikuwepo mzee mmoja wa miaka sabini hivi, kofia ya kufuma, kimya toka mwanzo. Akanyoosha mkono taratibu. "Simba. Sabini na mbili."

Jangwani walicheka mpaka mmoja akadondoka kwenye benchi. Mi mwenyewe nilicheka, nasikitika kusema. Nikamwambia "mzee wangu, shkamoo kwanza, Simba hajawahi kufika fainali ya klabu bingwa, alikofika mbali ni nusu fainali 1974". Mzee akajibu kwa upole tu, "we andika, sabini na mbili". Nikaandika sifuri.

Dakika haijaisha, kijana wa miwani kanyanyua simu juu. Ameingia mtandaoni akatafuta orodha ya fainali zote, na pale kwenye 1972 imeandikwa wazi kabisa: bingwa Hafia ya Guinea, mshindi wa pili Simba. Simu ikazungushwa kibandani, kila mtu anasoma kwa sauti, "Simba! Simba!" Msimbazi wakaanza kuimba. Mtu mmoja akasema kwa nguvu kwamba tangu lini Yanga akawa mwamuzi wa haki, kwanza Tusker, halafu 1993, sasa hili. Mi jasho. Nikafuta sifuri nikaandika moja. 3-3.

Hapo ndo akaongea mtu ambaye hakuwa kwenye timu yoyote, dereva wa lori kutoka Uganda aliyekuwa anasubiri mzigo bandarini na amekuja kupoteza muda. Alisimama nyuma kabisa karibu na mlango, akasema: "Hiyo Simba ni ya kwetu, ya jeshi. Si hii yenu."

Kimya. Halafu kelele ambayo sijawahi kuisikia hata siku ya dabi. Jangwani wanataka pointi ifutwe, Msimbazi wanasema swali limeuliza Afrika Mashariki na Uganda iko Afrika Mashariki, mzee kasema Simba na jibu ni Simba, kosa liko wapi? Nikamgeukia mzee, nikamuuliza, mzee wangu, ulimaanisha Simba ipi? Akanitazama kama vile nimemuuliza jina la mama yake. "Simba ni Simba."

Nikafuta ile moja nikarudisha sifuri. Mara ya tatu nagusa kisanduku kilekile, karatasi ikatoboka.

Yaliyobaki nayapitisha haraka. La nane, bingwa mtetezi aliyetolewa na Simba 2003, Zamalek, kwa penalti kulekule Cairo, Msimbazi wakapata, 3-3. La tisa niliuliza klabu gani ya Afrika Mashariki imewahi kubeba kombe lolote la CAF, Jangwani wakasema TP Mazembe kwa sababu Congo iko kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki toka 2022, na wakaongezea kwamba Lubumbashi wanaongea Kiswahili kuliko hata baadhi ya watu humu ndani. Nikakataa. Msimbazi wakasema Gor Mahia 1987, nikakubali, 4-3. La kumi, mfungaji bora wa Shirikisho 2022/23, Fiston Mayele, mabao saba, hilo Jangwani hata hawakungoja nimalize. 4-4.

Kwa hiyo sitini elfu nzima ikawa imening'inia kwenye ule mtoboko wa swali la saba.

## Niliamua nini na kwa nini

Nataka niwe mkweli hapa maana bila hivo kisa hakina faida. Maamuzi yangu usiku ule yalikuwa manne ya maana na kila moja lilikuwa na sababu yake, ila sababu zenyewe siyo zote za mpira.

Kwenye Tusker niliamua kwa daftari. Nililiamini kwa sababu ni langu, na kwa sababu aliyebisha alikuwa kijana mdogo kuliko mimi.

Kwenye 1993 nilikuwa sahihi na nilijua niko sahihi, lakini sikueleza kwa sababu nilikuwa naogopa kuonekana natetea timu yangu kwa maneno mengi. Nikadhani ukimya utaonekana ni uadilifu. Ulionekana ni kiburi.

Kwenye 1972 mara ya kwanza nilikataa kwa sababu nilijua historia ya Simba SC. Mara ya pili nilikubali, na hapa ndo pa kuangalia vizuri, sikukubali kwa sababu nimehakikisha, nilikubali kwa sababu nilishawanyima mara mbili na mi ni Yanga. Yani nilitaka kusawazisha. Mara ya tatu nikafuta kwa sababu dereva kasema kitu ambacho mara tu kilipotoka mdomoni mwake nilijua ni kweli.

Na mwisho, kwenye sare ya 4-4, mwenye kibanda alitaka tuongeze swali moja la kuamua. Nilikataa. Watu walishasimama, wawili wameshavua mashati, ningeuliza hata "makao makuu ya CAF yako wapi" ingekuwa vita. Nikashauri hela zirudi kwa kila upande na soda zibaki kaunta mpaka tufanye tena. Zile hela alikuwa nazo yeye, siyo mimi, na hilo peke yake ndo liliniokoa.

## Matokeo

Hela zilirudi usiku uleule, elfu thelathini kwa thelathini. Watu wawili wa Msimbazi waliondoka wanasema hawarudi kile kibanda, mmoja alirudi Jumapili saa tisa alasiri kuwahi benchi la mbele. Amaan ikaisha 1-1, Berkane wakabeba kombe kwa jumla ya 3-1, na baada ya hapo nani ana hamu ya kuongelea Tusker.

Ila mi nilikuwa silali vizuri. Jumatatu nikakaa na daftari nikapitia swali kwa swali. Nikafika la tano nikasimama.

Kwenye daftari langu nilikuwa na mstari wa Tusker: 2000, 2001, 2008. Na chini huko, kwenye ukurasa mwingine, nina mstari wa Kenya Breweries: 1988, 1989. Ni timu ileile. Kenya Breweries ndo ilikuja kuitwa Tusker. Tatu jumlisha mbili tano. Kijana wa miwani alikuwa sahihi kila neno, na mi nilimnyima pointi mbele ya watu wote huku nikimwonyesha daftari.

Fanya hesabu. Swali la saba lipe usilipe, kwa haki Msimbazi walikuwa na 5 na Jangwani 4. Walishinda. Sitini elfu ilikuwa yao.

Nikawatafuta manahodha wote wawili nikawaambia. Wa Msimbazi alinyamaza muda mrefu, akasema tu "nilijua". Wa Jangwani akasema filimbi ya mwisho ikishapulizwa matokeo hayabadiliki, na kwa kweli kwa upande wake ana hoja, hata CAF hawarudishi mechi kwa sababu refa kaota usiku. Hela hazikutolewa tena.

## Uchambuzi

Cha kwanza kinachonishangaza mpaka leo ni kwamba kelele zote zilikuwa kwenye swali la saba na kosa lililobadilisha matokeo lilikuwa la tano. Kwenye la tano mtu mmoja alibisha sekunde kumi akakaa, tukacheka utani wa Kagame, tukapita. Hakuna aliyetoa simu. Simu ilitoka pale ambapo jina la Simba lilitajwa. Sa ukiwa mwamuzi wa mambo ya rekodi usiende kukagua penye kelele tu, penye kelele watu wenyewe watakagua. Kagua pale ulipojibu kwa uhakika mkubwa na aliyebisha hakuwa na watu nyuma yake.

Tuje kwenye majina ya klabu maana ndo mzizi. Klabu za Afrika zimebadilisha majina sana na ukijumlisha mataji kwa jina lililoandikwa utapotea. Mazembe wana matano: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015, ila mawili ya mwanzo waliyachukua wakiitwa Englebert, jina la kampuni ya matairi. AFC Leopards matano yao ya Kagame ni 1979, 1982, 1983, 1984 na 1997, na lile la 1979 walikuwa Abaluhya. Cha kuchekesha kwenye daftari langu Abaluhya nilishawaunganisha na Leopards zamani, na Englebert na Mazembe pia, ila Breweries na Tusker nimewaacha wamekaa mbalimbali kama wagomvi. Wala sikuwa na kanuni, nilikuwa na kumbukumbu tu: nilichokijua nimekiunganisha, nisichokijua nimekiacha. Na siyo kila kitu kinaunganishwa vilevile, Luo Union ya 1976 na 1977 usiijumlishe kwa Gor Mahia, Gor mataji yao ni 1980, 1981 na 1985.

Upande wa pili wa shilingi ndo ule wa Simba, klabu mbili jina moja. Simba ya 1972 ilikuwa timu ya jeshi la Uganda, mabingwa wa Uganda 1971, na kama unashangaa Waganda wamepata wapi jina la Kiswahili, jeshini kwao Kiswahili ndo kilikuwa lugha ya kazi. Walifika fainali wakafungwa na Hafia jumla ya 7-4. Kwenye orodha nyingi jina limeandikwa Simba tu, bendera ndogo pembeni ambayo kwenye simu yenye kioo kilichopasuka huioni. Na nilikuwa na njia rahisi ya kujua bila bendera wala dereva wa lori: kombe lile lilikuwa la mabingwa wa nchi, na bingwa wa Tanzania 1971 alikuwa Yanga. Simba ya Msimbazi isingeweza kuwemo 1972 hata kwa dawa. Jina lenyewe la Simba walikuwa ndo kwanza wamelichukua 1971, kabla ya hapo ni Sunderland. Wakaja kuchukua ubingwa 1973, wakaingia klabu bingwa 1974, wakafika nusu fainali wakatolewa na Mehalla ya Misri. Nilikuwa na vyote hivi kichwani, na mi ni Yanga, yani ubingwa wa 1971 ni wetu, ningeutaja tu pale kibandani tungemaliza. Sikuutaja kwa sababu nilikuwa nahangaika kuonekana sina upande.

Na swali langu la saba lenyewe lilikuwa bovu kwa upande wangu. Jibu la Villa 1991 lilikuwa kosa la miaka 19. Hata mzee asingenyoosha mkono, swali lilikuwa limeshaoza.

Sasa mzee alistahili pointi? Watu wameniuliza hili kuliko yote. Msimamo wangu ni hapana. Nilikwenda kumwona nyumbani kwake wiki iliyofuata, tukanywa kahawa, akakubali mwenyewe kwamba alikuwa anaiwaza ile mechi ya Mehalla, aliisikiliza redioni akiwa kijana, mwaka tu umemchanganya. Kwa hiyo alikuwa na timu nyingine, mwaka mwingine na hatua nyingine, ila herufi tano zilizotoka mdomoni ndo zilezile. Mwamuzi alitakiwa kumwuliza "ya nchi gani?" kabla ya kuandika chochote, sifuri au moja. Nilimwuliza baada ya kuandika mara mbili, wakati huo swali la kawaida linasikika kama mtego, na mzee yeyote mwenye heshima zake atajibu Simba ni Simba.

Majina ya makombe nayo. Yule jamaa wa Jangwani alikuwa anatania lakini utani wake una kitu. Ni kweli jina la Kagame limeanza 2002 Rais wa Rwanda alipoanza kulidhamini, ila kombe lenyewe la klabu bingwa Afrika Mashariki na Kati ni la CECAFA, wasimamizi wa soka la ukanda huo, na linahesabiwa toka 1974, na bingwa wa mwaka ule alikuwa Simba. Mataji ya Simba ni 1974, 1991, 1992, 1995, 1996 na 2002, kwa hiyo ukihesabu kwa jina tu wanabaki na moja. Yanga 1975, 1993, 1999, 2011, 2012, wanabaki na mawili. Halafu sasa kwa hesabu hiyohiyo kinara ni APR ya Kigali, 2004, 2007 na 2010! Jamaa alikata tawi akiwa amelikalia. Ningemjibu hivo palepale tungecheka wote na ingeeleweka kwamba kanuni ikichaguliwa ili kumkomoa mtu huwa haijui kusimama pale ulipotaka.

Kwenye 1993 na 2023 ilikuwa hivohivo ila pale watu walikuwa na uchungu wa kweli. Kombe la CAF lilichezwa 1992 mpaka 2003, Kombe la Washindi likawepo toka 1975, na mwaka 2004 yakaunganishwa ndo likazaliwa Shirikisho. Basi zote mbili ni rekodi: Simba ni klabu ya kwanza ya Tanzania kucheza fainali yoyote ya CAF, Yanga ni ya kwanza kucheza fainali ya Shirikisho, wakaikosa kwa bao la ugenini tu, walifungwa 2-1 hapa wakashinda 1-0 kule Algiers. Sentensi mbili hizo. Zingechukua nusu dakika kuzisema na zingewapa watu wa Msimbazi kitu cha kushika. Nilitoa pointi sahihi kwa namna ya mtu anayepora.

La tisa hakuna aliyelipigia kelele nyingi ila ndo swali baya kuliko yote niliyowahi kutunga. "Afrika Mashariki" ipi? Kama ni CECAFA, basi El Merreikh ya Sudan nayo imo, walichukua Kombe la Washindi 1989. Kama ni Jumuiya, Mazembe wameingia na makombe yao yote, na Vita Club na ile ya 1973. Kama ni zile nchi tatu za zamani, Gor Mahia peke yake, 1987, waliotoka 2-2 Tunis na 1-1 Nairobi dhidi ya Espérance, wakabeba kwa bao la ugenini, ileile sheria iliyokuja kuwaua Yanga. Majibu matatu, yote yana mantiki. Nilikubali moja kwa sababu ndo nililokuwa nalo kwenye karatasi.

Vilivyofanya kazi? Vipo. Swali la Al Ahly lilikuwa na mpaka wa tarehe ndani yake na kombe limetajwa kwa jina, hakukuwa na pa kuingilia. La bingwa wa kwanza niliuliza nani bila kuuliza mwaka, na ilikuwa bahati tu, maana mashindano yalianza 1964 fainali ikachezwa 1965 na wengine wanaandika hivi wengine vile. Esperance nao wana ubingwa wa 2018 na wa msimu wa 2018/19 baada ya CAF kubadilisha kalenda, ukiuliza "bingwa wa 2018/2019" bila kufafanua unatafuta ugomvi. Hela kushikwa na mtu asiyetunga maswali, hilo nalirudia. Na kukataa swali la kuamua pale watu walipochemka, hilo nalo sijutii.

Tulifanya tena baadaye mwaka uleule, elfu kumi tu kila upande. Safari hii nilibandika boksi lililokatwa ukutani siku mbili kabla, nimeandika kwa maka peni: klabu iliyobadilisha jina inahesabiwa moja, kombe lililobadilisha jina linahesabiwa moja ila yaliyounganishwa 2004 yanahesabiwa mbalimbali, Afrika Mashariki maana yake wanachama wa CECAFA, ukitaja klabu taja na nchi. Watu walibishia kanuni siku mbili nzima, mpaka fundi baiskeli wa kona alikuja kubisha, tukabadilisha moja. Siku yenyewe walibisha mara moja tu. Kijana wa miwani nilimweka awe mwamuzi mwenzangu, na yeye ndo alishika simu.

Ile kreti ya soda iliyobaki kaunta ilishaisha zamani, mwenye kibanda aliiuza. Nikanunua nyingine mimi, nikawapelekea Msimbazi bila maelezo mengi. Mzee alichukua Fanta mbili, moja akafungua, ya pili akaitia mfukoni mwa koti. Nikamuuliza ya nani hiyo. Akasema ya yule Mganda, siku akirudi na lori.